Barabara ya msituni iliyogeuka uwanja wa viatu vya magurudumu

MCHEZO wa kuteleza kwa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa katika mstari mmoja huhitaji lami laini na, zaidi ya yote, barabara isiyo na magari. Jijini San Francisco, Marekani, hayo yote yanapatikana ndani ya Golden Gate Park.

Bustani hiyo ya ekari 1,017 ilikuwa vilima vya mchanga mtupu hadi miaka ya 1870, mhandisi William Hammond Hall alipoanza kuigeuza kuwa msitu wa kupandwa.

Mnamo 1967, sehemu ya barabara yake kuu, John F. Kennedy Drive, ilianza kufungiwa magari kila Jumapili, nao wachezaji wakaifanya uwanja wao. Aprili 2020, kutokana na janga la Covid-19, ilifungwa siku zote.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Waliounga mkono hatua hiyo walitaja usalama wa watoto na wanaotembea kwa miguu. Wapinzani nao walilalamika kwamba wazee na watu wenye ulemavu wangetaabika kufikia jumba la makumbusho la de Young. Novemba 2022, wapigakura walikata shauri kwamba barabara hiyo ibaki bila magari.

Hata hivyo, hatari haikutoweka. Bustani huteremka kuelekea baharini, na kasi mteremkoni humzidi nguvu asiyejua kutumia breki iliyo kisiginoni. Kofia ngumu na vikinga vya magoti, viwiko na vifundo vya mikono ni vya lazima kwa anayejithamini.