Kuazima Mwendo wa Shairi: Rubadiri, Eliot na Jina la Dzaleka

Katika madarasa yetu ya ushairi neno "athari" limekuwa kama shtaka. Mwanafunzi akiambiwa kuwa mshairi fulani ameathiriwa na Wamarekani, huandika daftarini kuwa ameiga. Haya ni mabaki ya mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ambapo shairi lisilo na vina na mizani lilihesabiwa na wengi kuwa bidhaa ya Kizungu. Malawi ina mfano unaotufaa kulitazama upya jambo hili.

David Rubadiri, Mmalawi aliyezaliwa Liuli, Tanganyika, mwaka 1930 na kusoma Makerere, aliandika kwa Kiingereza shairi "Stanley Meets Mutesa". Linafuata waziwazi mwendo wa "Journey of the Magi", shairi la mwaka 1927 la T. S. Eliot, mzaliwa wa St. Louis, Marekani: safari ngumu, msafara uliochoka, kisha kuwasili. Lakini Eliot naye alilifungua shairi lake kwa maneno ya mahubiri ya Krismasi ya Askofu Lancelot Andrewes ya mwaka 1622! Mwazimaji kamwazima mwazimaji.

Rubadiri alipata nini? Mamajusi wa Eliot wanakwenda kushuhudia kuzaliwa, nao wanarudi wakijiuliza kama hawakushuhudia kifo. Msomaji anayelikumbuka hilo, akiuona msafara wa Stanley ukipokewa na Kabaka mwaka 1875, hahitaji kuambiwa kuwa ukaribisho ule una msiba ndani yake. Shairi la kwanza linasikika chini ya la pili. Sisi tuliolelewa na mafumbo tunaifahamu vizuri kazi hiyo.

Tena fumbo lilikuwa ngao. Sheria ya udhibiti wa maandishi ya mwaka 1968 ilimfanya mshairi wa enzi ya Banda apime kila neno. Jack Mapanje alimweka kinyonga katika jina la diwani yake ya mwaka 1981, Of Chameleons and Gods. Hata hivyo alikamatwa mwaka 1987, akazuiliwa Mikuyu bila mashtaka hadi 1991. Anayedai kuwa ugumu wa mashairi ya kipindi kile ni kuwaiga akina Eliot na Pound tu amesahau ni nani wengine waliokuwa wakiyasoma.

Kutoka Lilongwe, mwendo wa kilometa 45 hivi, ipo Dzaleka. Katika Kichewa -leka ni kuacha, na -dza- hudokeza wakati ujao. Tafsiri yetu iliyo karibu zaidi ni "utakoma". Banda alifunga watu pale. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, na Kiswahili husikika kila kona. Mwaka 2014 mshairi Mkongo Menes la Plume (katika Kifaransa "plume" ni unyoya, na pia kalamu) alianzisha hapo tamasha la sanaa. Ushairi wake ni wa slamu, ule wa jukwaani ulioanzia Chicago katika miaka ya 1980. Wanamapokeo watasema tena: kaiga. Tamasha lenyewe aliliita Tumaini, neno la Kiswahili, likakaa ubavuni mwa jina la gereza.