Bundi wa Kenojuak na Macho ya Wageni

Mtu aliyelelewa Tanga au Mombasa akimkuta bundi ametanda ukutani, macho yamemtoka na manyoya yametawanyika huku na huku kama miale, wazo lake la kwanza halitakuwa sanaa. Atajiuliza nani kafa. Bundi kwetu ana kesi ya kujibu, na kesi hiyo haijawahi kuisha.

Bundi anayezungumziwa hapa alichorwa na Kenojuak Ashevak, mwanamke wa jamii ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, na kutolewa kwa chapa mwaka 1960 katika kijiji cha Kinngait, ambacho wakati huo kilijulikana kama Cape Dorset, kwenye Kisiwa cha Baffin kaskazini ya mbali ya Kanada. Anaitwa The Enchanted Owl. Nakala zilizopigwa ni 50 tu, nusu zikiwa za nyekundu na nyeusi, nusu za kijani na nyeusi. Mwaka 1970 bundi huyo alipanda cheo akawa stempu ya posta ya Kanada, na mwaka 2018 nakala yake moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 216,000 za Kanada. Wengi waliosimama mbele yake wametaka kuambiwa anamaanisha nini: ni mzimu, ni mganga aliyegeuka ndege, ni hadithi ya wahenga? Kenojuak alipoulizwa kuhusu kazi zake alikuwa akijibu kwa namna iliyowavunja moyo waulizaji. Alitaka kutengeneza kitu kizuri, basi.

Hii hamu ya mgeni kutafuta siri ndani ya jiwe na karatasi za Wainuiti ina historia yake, na historia hiyo inaanzia dukani.

Mwaka 1948 mchoraji kijana wa Kanada, James Houston, alipata lifti katika ndege iliyokuwa ikimpeleka daktari Inukjuak, kwenye ufuko wa Ghuba ya Hudson. Alikaa akichora sura za wenyeji, nao wakamletea vijisanamu vidogo vya mawe. Aliviona vizuri mno akavibeba hadi Montreal. Mwaka uliofuata Chama cha Kazi za Mikono cha Kanada kilimtuma arudi kukusanya zaidi, na Novemba 1949 duka la chama hicho likaweka mezani karibu vipande elfu moja. Mauzo yalipangwa kwenda wiki nzima. Baada ya siku tatu meza zilikuwa tupu, kila kitu kimenunuliwa.

Serikali ya Ottawa nayo ikazinduka. Bei ya ngozi za mbweha weupe, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwapatia Wainuiti fedha taslimu, ilikuwa imeporomoka, na familia nyingi zilikuwa zikiishi kwa posho. Jiwe likawa zao jipya la biashara. Kabla ya hapo Wainuiti walichonga, tena kwa karne nyingi, lakini walichonga vitu vidogo: hirizi, midoli ya watoto, vipande vya pembe vya kubadilishana na mabaharia wa meli za kuvulia nyangumi. Sanamu kubwa za mawe zinazojaza makumbusho leo zilizaliwa na soko. Kwa hiyo mtazamaji wa miaka ya 1950, aliyesimama mbele ya dubu wa jiwe la kijani akiamini kwamba anatazama mabaki hai ya Enzi ya Mawe, alikuwa anatazama biashara changa kuliko gari lililomleta.

Si kwamba mapenzi yake yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli, ila yalitua pembeni kidogo ya kile kilichokuwa mbele yake.

Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, jumba la sanaa la Gimpel Fils la London lilionyesha sanamu za Wainuiti. Jumba hilo lilikuwa likiuza kazi za wasanii wa kisasa wa Ulaya, na wateja wake walikuwa na macho yaliyozoea umbo lililopunguzwa hadi likabaki kiini. Wakaziona sanamu kutoka barafuni wakazipokea kama ndugu waliopotea. Jambo hilohilo liliwapata baadaye wachongaji wa Arviat, magharibi mwa Ghuba ya Hudson. Chukua kazi ya Lucy Tasseor Tutsweetok: jiwe la kijivu, zito, karibu libaki kama lilivyookotwa, lakini kwenye kingo zake nyuso ndogo zinachungulia, moja, mbili, kundi zima, kila moja ni mstari wa pua na vishimo viwili vya macho. Mtazamaji aliyesoma vitabu vya sanaa anatamka neno “usasa”. Mchongaji wa Arviat angemjibu kwanza kwamba jiwe la huko ni gumu kama chuma na halikubali madoido. Wanaolifahamu jiwe la Kisii linalochongwa Tabaka wanajua raha ya jiwe laini linalokatika kwa kisu. Arviat haina raha hiyo.

Soko halikukaa kimya likisubiri kupendezwa. Mwaka 1951 ulisambazwa kaskazini mwongozo mdogo wenye michoro, ulioandaliwa na Houston, ukiwaonyesha Wainuiti ni vitu gani vinauzika kusini. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo mwindaji wa sili hakuwa na haja nayo hata kidogo, kama ubao wa pembe ya walarasi (yule mnyama wa baharini mwenye pembe mbili zinazoshuka mdomoni) uliotobolewa matundu ya kuhesabia alama za mchezo wa karata wa cribbage. Wachongaji, watu ambao maisha yao yote yalitegemea kusoma dalili, walizisoma dalili hizi nazo, wakachonga sawasawa na michoro. Wakubwa wakashtuka kuona vitu vimefanana mno, wakaukalia mwongozo. Ni ajabu ya aina yake: umfundishe mtu unachotaka, kisha umlaumu kwa kukosa uasili.

Aliyelichungulia jambo hili kwa karibu ni mwanaanthropolojia Nelson Graburn, aliyefika Salluit, kaskazini mwa Quebec, mwaka 1959 akiwa bado mwanafunzi. Alikuta pande mbili zikisifu kitu kimoja kwa sababu zisizokutana. Mchongaji alithamini mnyama aliye sahihi, shingo ya sili iliyo kama shingo ya sili, na jiwe gumu lililotiishwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Mnunuzi wa kusini alithamini ndoto, mizimu, viumbe nusu mtu nusu samaki. Mwaka 1977 Graburn huyohuyo akaandika makala kuhusu wageni wa makumbusho kwa jumla, akidai kwamba wanaongozwa na haja tatu: kustaajabu kwa utulivu mbele ya kitu kikubwa kuliko wao, kuwa pamoja na watu wao, na kujifunza. Ukiutazama uhusiano wa Wakanada na sanaa ya Wainuiti kwa kipimo hicho, utaona kwamba kwa muda mrefu ilikuwa haja ya kwanza tu iliyoshibishwa.

Ilishibishwa hata nje ya mipaka. Kati ya 1971 na 1973 maonyesho makubwa ya sanamu za Wainuiti, takriban 400, yalizungushwa kutoka Vancouver hadi Paris, Copenhagen, Leningrad, Moscow, London, Philadelphia na Ottawa. Vita Baridi vilikuwa bado vinaendelea, na Kanada, iliyobanwa kati ya kivuli cha Uingereza na kishindo cha Marekani, ilihitaji sura ya kujitambulisha nayo. Ikaazima ya Wainuiti, watu ambao ilikuwa imewaruhusu kupiga kura mwaka 1950 tu.

Na kuna mambo ambayo wageni wa miji hiyo hawakuwa na namna ya kuyaona kwenye vioo. Kenojuak, kabla hajachora bundi yeyote, alipelekwa Jiji la Quebec mwaka 1952 kutibiwa kifua kikuu, akakaa hospitali hadi 1955. Alipokuwa huko watoto wake walifariki kaskazini. Humo wodini ndimo alimojifunza kushona midoli na kazi za shanga. Hakuwa peke yake. Kufikia 1956 Muinuiti mmoja kati ya saba alikuwa katika hospitali za kusini. Zaidi ya wagonjwa elfu moja walipitia hospitali ya mlimani Hamilton, Ontario, na wengi walichonga wakiwa vitandani, mbali na sili na barafu waliyoichonga. Kazi zao zimehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Hamilton, na zilipoonyeshwa mwaka 2016 mtazamaji hakuweza tena kujidanganya kwamba anatazama upepo wa kaskazini. Alikuwa anatazama kumbukumbu ya mtu aliyevaa nguo za hospitali.

Geuza baadhi ya sanamu za zamani utazame chini, utakuta namba. Kuanzia miaka ya 1940 serikali iliwapa Wainuiti vipande vidogo vya mviringo vya utambulisho, vyenye namba, kwa kuwa maofisa walishindwa na majina yao. Cha Kenojuak kilikuwa E7-1035. Kwa mgeni wa Toronto, herufi hizo ni alama ya ghala. Kwa mjukuu, ndizo zinazomwambia kwamba jiwe hili lilipita mikononi mwa babu yake.

Kizazi cha baadaye kiliamua kutowabembeleza wageni. Annie Pootoogook, aliyezaliwa Kinngait mwaka 1969 katika ukoo wa wachoraji, mama yake Napachie na bibi yake Pitseolak Ashoona, alichukua kalamu za rangi akachora yaliyokuwa nyumbani. Watu wamekaa sakafuni wanakula mnyama aliyewindwa. Kwingine televisheni imewashwa, katuni za The Simpsons zinaendelea. Wanunuzi wamesimama mbele ya majokofu ya duka la kijiji, vyakula vya pakiti vimepangwa kwa rangi kama kitambaa. Miwani ya bibi yake, peke yake, nyeusi, imechorwa kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa taji. Na mwanamume ameinua fimbo juu ya mwanamke, jambo ambalo Annie alilijua kwa mwili wake. Waliokuja kutafuta mizimu wakakutana na saa ya ukutani. Mwaka 2006 alishinda Tuzo ya Sobey ya Kanada, na mwaka 2007 kazi zake zilikuwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya Documenta. Alifariki Ottawa mwaka 2016.

Hapo ndipo haja nyingine mbili za Graburn zilipoanza kupata nafasi. Machi 2021 Jumba la Sanaa la Winnipeg lilifungua jengo jipya liitwalo Qaumajuq kwa ajili ya sanaa ya Wainuiti, lenye mkusanyiko wa takriban kazi 14,000. Katikati yake kuna ghala la vioo lenye urefu wa ghorofa tatu, limepindapinda kama pazia, na ndani yake sanamu karibu 5,000 zimepangwa kijiji kwa kijiji. Maonyesho ya ufunguzi yaliandaliwa na wasimamizi wanne, wote Wainuiti. Mgeni wa mjini akifika hapo anaweza kubaki na mshangao wake wa kawaida. Dubu wa Pauta Saila, mnene, amesimama kwa mguu mmoja na mikono juu kana kwamba ngoma imemkolea, amewachekesha watu wa kila umri. Lakini mgeni aliyetoka Arviat au Baker Lake haangalii dubu. Anatafuta rafu ya kijiji chake, kisha jina.

Wageni wa namna hiyo Winnipeg wapo, kwa sababu wakazi wa eneo la Kivalliq, magharibi mwa Ghuba ya Hudson, wanapohitaji daktari bingwa huletwa katika jiji hilo. Nusu karne na ushei baada ya meli zilizowapeleka kusini wagonjwa wa kifua kikuu, hospitali ndiyo bado inayowaleta watu kusini, na safari hii ukitoka kliniki unaweza kwenda kumtazama bibi yako.

Upande wa kaskazini hesabu haijasawazishwa. Kinngait ilipata kituo chake cha utamaduni mwaka 2018, chenye karakana ya chapa na ukumbi wa maonyesho, kikapewa jina la Kenojuak, aliyefariki mwaka 2013. Lakini mkusanyiko wa serikali ya Nunavut, kazi zaidi ya 7,000, ulikwenda Winnipeg kwa mkopo, kwa kuwa eneo hilo la kaskazini, lenye Kinngait na Arviat na lililoundwa mwaka 1999, halikuwa na jengo la kuuhifadhi. Mapenzi ya wageni yamejenga ghala la vioo kusini. Wenye kazi zao wanastahili jingine nyumbani.