Moto wa Juni na Moto wa Oktoba: Serikali za Mitaa na Misitu ya Miombo Kusini mwa Kilosa

Kata ya Ruhembe iko kusini mwa Wilaya ya Kilosa, katika Jimbo la Mikumi. Mabonde yake yamejaa miwa inayopelekwa kusagwa katika viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero. Vilima vinavyoyazunguka mabonde hayo bado vina miombo, na kaskazini yake imetanda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu inaanza Milima ya Udzungwa, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Katika eneo la namna hii, moto uliowashwa na mtu mmoja kusafisha shamba unaweza kupita katika ardhi ya jirani, ya kijiji, ya kampuni na ya hifadhi kabla haujazimika. Kila ardhi kati ya hizo ina msimamizi wake, lakini moto wenyewe mara nyingi hauna msimamizi.

Ukame unapoua miti, serikali za mitaa huitikia kwa njia mbili zilizozoeleka. Hutoa katazo la kuwasha moto wowote, kisha moto ukishawaka huita wananchi waende kuuzima kwa matawi mabichi. Makala haya yanadai kwamba njia zote mbili huja zikiwa zimechelewa. Kazi kubwa ya halmashauri na vijiji ni kuupangia moto majira yake: kuamua nani achome, wapi, lini na kwa fedha ya nani, wakati nyasi bado zina unyevu. Mamlaka yanayoacha uamuzi huo mwezi Juni huuachia upepo wa Oktoba.

Moto wa miombo unavyofanya kazi

Moto wa miombo hubebwa na nyasi. Hupita chini, na ukali wake hutegemea wingi wa nyasi, ukavu wake na upepo wa saa hiyo. Mwezi Juni, mara baada ya masika, nyasi huwa zimekauka nusu. Moto wa asubuhi huunguza kwa madoa, hukwepa mabonde yenye unyevu na mara nyingi hufa wenyewe usiku umande unaposhuka. Kufikia Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kabisa na joto limepanda. Wakati huo miti mingi ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata mvua za vuli hazijafika, hivyo moto huikuta katika hali dhaifu kuliko zote.

Tofauti hiyo imepimwa kwa miongo mingi. Karibu na Ndola, katika nchi inayoitwa Zambia leo, watafiti walianza mwaka 1933 kugawa miombo katika viwanja. Baadhi vilichomwa kila mwaka mapema, vingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na vingine vilikingwa moto kabisa. Viwanja vya moto wa kuchelewa vilipoteza miti na kugeuka mbuga ya nyasi. Vilivyokingwa vilisongamana na kuelekea kuwa msitu wa kijani wa kudumu. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Kwa hiyo swali linalomkabili mtendaji wa kijiji ni la majira: moto wa mwezi gani ndio utakaopita katika kijiji chake?

Hapo ndipo ukame unapoingia. Mti mkubwa ukifa, kivuli chake huondoka na jua hufika chini. Mvua njema inayofuata huotesha nyasi nyingi mahali pale, na nyasi hizo huleta moto mkali zaidi. Moto huo huua miche na kuunguza magome ya miti iliyosalia, na uwazi huongezeka. Shina lililokauka nalo likishika moto huweza kufuka kwa siku kadhaa na kurusha cheche upande wa pili wa mkinga moto baada ya watu kurudi nyumbani.

Mzunguko huu una matokeo ambayo mipango ya wilaya huyasahau: mwaka wa ukame huenda usiwe mwaka wa moto mkubwa, kwa kuwa mvua haba huotesha nyasi haba. Hatari hukomaa pale ukame ulioua miti unapofuatwa na mvua nyingi. Tanzania imepitia mfuatano wa namna hiyo hivi karibuni. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgao, kisha mvua za El Niño za msimu wa 2023 na 2024 zikaleta mafuriko. Halmashauri inayojiandaa kwa moto pale tu ukame unapotangazwa hulinda mwaka usio wenyewe.

Sheria ipo, ratiba haipo

Haiwezi kusemwa kwamba vijiji havina mamlaka. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inavipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavikabidhi usimamizi wa ardhi yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, na inakataza kuchoma uoto ovyo bila kibali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaziweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Uzito wa jambo hili ni mkubwa, maana tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba nchi ina takriban hekta milioni 48 za misitu, na karibu nusu yake iko katika ardhi ya vijiji.

Udhaifu uko katika namna mamlaka hayo yanavyotumika. Sheria ndogo nyingi huutaja moto kwa sentensi moja ya katazo na faini. Lakini mkulima anahitaji kusafisha shamba kabla ya vuli, mfugaji anataka nyasi mbichi zichipue, na mrina asali anahitaji moshi. Mahitaji hayo hayafutwi na katazo. Mtu asiyeweza kupata kibali huchoma kwa siri, na anayechoma kwa siri hachagui saa ya umande, hamwiti jirani, wala hasubiri kuona moto wake umeishia wapi. Huwasha na kuondoka. Katazo la jumla basi huwaondoa kwenye uchomaji watu waangalifu wa mwezi Juni na kuwaachia uwanja watoro wa Oktoba.

Kasoro ya pili ni mgawanyiko wa madaraka. Afisa misitu wa halmashauri yuko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, Wakala wa Huduma za Misitu uko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na hifadhi za taifa ziko chini ya shirika lake, TANAPA, ambalo kwa miaka mingi limetumia uchomaji wa mapema kama zana ya usimamizi. Hifadhi ikichoma mapema upande wake huku kijiji jirani kimezuiwa kuchoma, mpaka unakuwa mstari kati ya nyasi zilizopunguzwa na nyasi zilizorundikana. Moto wa Oktoba hautauheshimu mstari huo.

Ujuzi uliomo katika miwa

Ruhembe ina jambo ambalo kata nyingi za miombo hazina: wakulima wanaochoma kwa ratiba. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa ili kuondoa majani makavu, kurahisisha kazi ya wakataji na kufukuza nyoka. Uchomaji huo hauwezi kufanywa kiholela, kwa sababu muwa uliokwisha kuungua hupoteza sukari kila saa inayopita kabla haujafika kiwandani. Shamba huchomwa pale zamu yake ya kuvunwa ikifika, upepo ukiwa umetulia, mipaka ikiwa imesafishwa na watu wakiwa wamesimama pembeni. Moto wa bahati mbaya unaounguza miwa kabla ya zamu yake ni hasara inayofahamika na kila familia yenye shamba, na vyama vya wakulima wa miwa vinajua namna ya kupanga zamu na kuwajibishana.

Maarifa hayo hayapandi mlima. Mkulima yuleyule anayeaminiwa kuchoma ekari za miwa bondeni huhesabiwa mkosaji akiomba kuchoma ukanda wa nyasi kuzunguka msitu wa kijiji chake mwezi Juni. Halmashauri inapolalamika kwamba haina wataalamu wa moto, inapaswa kwanza kuwaangalia watu hawa. Moto wa miwa na moto wa miombo si kitu kimoja, kwani miwa hutakiwa iungue majani yake yote na miombo hutakiwa iungue kwa madoa. Lakini kusoma upepo, kulima mkinga moto, kuanzia upande wa chini ya upepo na kukaa hadi moshi uishe ni ujuzi uleule.

Miti iliyokauka iwe mali ya nani?

Ukame unapoua miti mingi, wazo la haraka ni kuikata. Mfano mkubwa zaidi wa zama zetu uko California. Kati ya mwaka 2010 na 2017, ukame na mbawakavu wanaotoboa magome viliua miti ipatayo milioni 129 katika jimbo hilo la Marekani. Oktoba 2015 gavana alitangaza hali ya dharura, na serikali za kaunti zikashirikishwa kuondoa miti iliyokufa kando ya barabara, nyaya za umeme na makazi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima kwa usalama wa watu, lakini ilifikia sehemu ndogo tu ya miti hiyo. Septemba 2020, moto ulioitwa Creek ulipita katika eneo lililojaa miti mikavu na kuunguza zaidi ya hekta 150,000. Nyuma ya mkasa huo kulikuwa na karne nzima ya sera ya kuzima kila moto, iliyoacha misitu ikisongamana.

Kilosa inaweza kuchukua kutoka huko kanuni ya kipaumbele: ondoa mti mkavu pale utakapomwangukia mtu au kuvusha moto juu ya mkinga, na mingine uiache kwa usimamizi wa nyasi. Isichukue pupa ya kukata. Miti ya miombo hupukutisha majani kila kiangazi, na mingi inayoonekana imekufa huchipua upya kutoka kwenye kisiki au mizizi. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi wake ukikua, hadi siku unapopata nguvu ya kupanda kuupita moto. Anayeutangaza mti umekufa mwezi Septemba ametoa hukumu kabla ya ushahidi. Zaidi ya hapo, kibali cha kukata miti iliyokufa ni mlango mpana kwa mfanyabiashara wa mkaa asiye mwaminifu, ambaye anaweza kuuchoma mti mzima makusudi mwaka huu ili auvune kihalali mwaka ujao.

Dawa ya hatari hiyo imewahi kujaribiwa Kilosa kwenyewe. Tangu mwaka 2012, mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, uliwezesha vijiji kadhaa vya wilaya hii kuvuna mkaa katika vitalu vidogo vilivyopimwa, kwa mzunguko wa miaka 24, visiki vikiachwa vichipue. Mapato yaliingia kijijini na kujenga madarasa, visima na ofisi. Kinachofaa kuongezwa ni hiki: mti uliokauka uhesabiwe ndani ya kiwango cha mavuno cha kitalu, usiwe nyongeza juu yake, na kamati ya maliasili iukague baada ya mvua, pale ambapo uhai au kifo chake kinaonekana bila shaka.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuchoma mapema ni kuhalalisha uharibifu. Hoja yao ina uzito mahali pamoja: misitu ya kijani ya milimani na kando ya mito haikuzoea moto, na hata moto mwepesi huimega pembezoni. Hiyo ikingwe kwa mikinga moto bila kuchomwa. Moto wa Juni nao unaweza kutoroka, na ukirudiwa kila mwaka mahali palepale huzuia miche kukua, kwa hiyo maeneo yachomwe kwa zamu. Lakini anayepinga uchomaji wa mapema kwa sababu hizi anapaswa kuulinganisha na moto utakaokuja, kwa maana miombo isiyoungua kabisa ni adimu katika nchi hii.

Pingamizi la pili ni la fedha. Halmashauri itauliza posho, mapanga na mafuta ya pikipiki vitatoka wapi. Jibu la haki ni kwamba vitoke katika msitu wenyewe. Kijiji kinachovuna mazao ya misitu kitenge kwa sheria ndogo sehemu ya mapato yake kwa kazi ya moto kabla ya matumizi mengine, na halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao hayo irudishe fungu la aina hiyo. Kulipa watu wachache kwa asubuhi chache za Juni ni nafuu kuliko kupoteza miwa, mizinga na malisho mwezi Oktoba, ingawa hasara hiyo haionekani katika vitabu vya halmashauri kwa kuwa hubebwa na kaya.

Uamuzi unaohitajika

Mabadiliko haya hayasubiri sheria mpya kutoka Dodoma. Baraza la madiwani linaweza kupitisha mfano wa sheria ndogo unaogeuza katazo la mwaka mzima kuwa kalenda yenye kipindi cha kuchoma kwa kibali na kipindi cha marufuku ya kweli. Kibali kitolewe kijijini, bila ada, kwa mtu anayetaja eneo, siku na majirani watakaosimama naye. Mkutano mkuu wa kijiji ukae kabla ya Mei kwisha na kuonyesha kwenye ramani mahali pa kuchomwa mwaka huo na mahali pa kukingwa. Wafugaji wakae mezani wakati ramani hiyo inachorwa, kwa kuwa kalenda iliyotungwa bila wao haitafuatwa porini. Hifadhi, wakala wa misitu na wakulima wa miwa waletewe nakala, ili siku za kuchoma pande mbili za mpaka zilingane.

Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Taarifa za wilaya huhesabu matukio ya moto na watu waliokamatwa. Zihesabu pia hekta zilizochomwa kwa kibali kabla ya Agosti na hekta zilizoungua baada yake. Namba ya kwanza ikipanda na ya pili ikishuka kwa miaka kadhaa, kijiji kitakuwa kimeanza kutawala moto wake, na miti iliyonusurika ukame itapata miaka ya kuotesha mingine. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka kuanza ana mahali pa kuanzia: aweke moto kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano wa Mei, na awape nafasi ya kusema wale ambao tayari wanajua kuchoma.