Kianika nyasi: jina na mashine yake

Mkulima wa malisho anayetafuta mashine ya kutawanya nyasi zilizofyekwa ili ziwahi kukauka hukuta chombo kisicho na jina la Kiswahili. Muuzaji humwambia "teda", dereva wa trekta husema "ile ya kurusha majani", na kitabu cha maelekezo, kama kipo, kimeandikwa Kijerumani au Kiingereza. Napendekeza tukiite kianika nyasi, wingi wake vianika nyasi. Muundo huo tumeuzoea katika kipaza sauti, kinasa sauti na kizima moto. Sababu ya kuchagua kuanika, badala ya vitenzi vingine vinavyojitokeza haraka, imo ndani ya mashine yenyewe: kila jina jingine lingemfanya mtu aifunge vibaya au aiingize shambani saa isiyofaa.

Lugha nyingine zimegawana sura za kazi hii. Neno la Kiingereza, tedder, lina asili ya Kinorsi cha kale, kwenye kitenzi cha kutandaza samadi shambani. Wajerumani husema Heuwender, yaani kigeuza hei, zile nyasi za malisho zilizokaushwa. Wafaransa wana faneuse, kutokana na kitenzi cha kunyauka. Kutandaza, kugeuza, kunyausha: yote matatu ni ya kweli, lakini kila moja ni kipande tu. Mtu anayeanika mpunga au dagaa huyafanya yote matatu. Hutandaza tabaka liwe jembamba, hurudi kuligeuza, huacha upepo upite, na muda wote jicho lake liko kwenye mawingu. Kitenzi chetu kina hata mwenzake wa kufungia kazi, kuanua, ambacho kinaifaa vizuri hatua inayofuata, pale reki inapokusanya nyasi kwenye matuta tayari kwa kufungwa marobota.

Jina la kikausha nalikataa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa linaahidi jambo ambalo mashine hii haiwezi. Haina moto wala feni. Wanaokausha ni jua na upepo, na mzigo wao ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Nyasi mbichi huwa na maji ya asilimia 75 hadi 80. Hei ya kufungwa na kuhifadhiwa inatakiwa ishuke hadi kama asilimia 16, au 18 kwa marobota madogo. Chukua kilo 1,000 za nyasi zenye maji asilimia 80. Zikifika asilimia 16 zitabaki kilo 238 hivi. Karibu kilo 760 za maji zimepaa hewani. Ukifunga kabla maji hayajatoka, robota hupata ukungu na joto ndani, na rundo kubwa lililofungwa bichi linaweza hata kujiwasha moto ghalani.

Sehemu ya kwanza ya maji hayo ndiyo rahisi, ikiwa tutawahi. Jani lililofyekwa halifi papo hapo. Stomata, yale matundu madogo linalopumulia, hubaki wazi kwa muda likiwa kwenye mwanga, na maji hutoka kwa kasi. Lakini mashine ya kufyekea huacha mkanda mnene wa nyasi zilizolaliana. Majani ya juu hukauka, ya chini yamo gizani, stomata zao hufunga, na kuanzia hapo maji yaliyobaki hayana njia ila kupenya polepole kwenye utando wa nta unaolifunika jani. Isitoshe, jani ambalo bado lina unyevu huendelea kupumua, na kupumua huko huchoma sukari ambayo ng'ombe angeila. Upumuaji hufifia unyevu ukishuka hadi kama asilimia 40. Kwa sababu hii mpito wa kwanza wa kianika ufanywe mapema, siku ileile ya kufyeka, na usiache mkanda unaoonekana: shamba lote lifunikwe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Anayengoja hadi kesho ili "zinyauke kwanza" amepoteza saa zilizokuwa bora kuliko zote.

Jina la kugeuza linamdanganya mtu hapo hapo. Anayetaka kugeuza tu huridhika akiona upande wa chini umekuja juu, kumbe fundo la nyasi limepinduka likiwa fundo vilevile. Kitandaza kingekaribia zaidi, ila kutandaza hufanywa mara moja na kumalizika, ilhali nyasi hurudiwa kila zinapolala na kushikana. Kuna aliyenipendekezea kitifua, na neno ni tamu, maana mashine hii kweli hutifua nyasi zikae wazi kama pamba iliyochambuliwa. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili kinachotifuliwa kwanza ni udongo, na udongo ndio ambao meno ya kianika hayapaswi kuugusa.

Tuingie kwenye meno hayo, kwani hapo ndipo mashine nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya. Kianika cha siku hizi ni rota zilizopangwa kwa jozi, mbili, nne, sita au zaidi, kila moja ikiwa na mikono kadhaa na jozi ya meno ya chuma cha springi mwishoni mwa kila mkono. Rota za jozi moja huzunguka kinyume, kila moja ikivuta nyasi za mbele kuelekea katikati na kuzirusha nyuma. Kabla ya kupima urefu wa meno, pima upepo wa matairi yake. Tairi moja likiwa laini, mashine yote imeinama na vipimo vinavyofuata havina maana. Kisha iegeshe mahali tambarare penye sakafu ngumu, uishushe, na uzungushe rota kwa mkono, trekta ikiwa imezimwa. Jino linapopita mbele, kwenye sehemu yake ya chini kabisa, libaki juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili. Shambani litapita kwenye mabua yaliyobaki, likiokota nyasi bila kuchokora ardhi. Ukiona mashine inaacha nyuzi za nyasi chini, shusha kidogo. Ukiona vumbi au udongo mweusi unaruka, pandisha mara moja, kwa maana mchanga ulioingia kwenye hei hautoki tena, na vijidudu vya udongoni huharibu malisho.

Jambo hilo huanzia kwenye kufyeka. Nyasi za Boma Rhodes zikikatwa juu ya ardhi kwa sentimita 7 hadi 10, mabua yaliyosimama huzibeba zile zilizolala, hewa hupita chini yake, na shina huchipua upesi. Anayekata chini kabisa ili apate robota moja zaidi huishia kulishia mifugo udongo.

Pembe ya rota ndiyo siri ya pili. Rota haikai bapa. Imeinamia mbele, kwa kawaida kati ya digrii 10 na 18. Kwa mashine nyingi zinazobebwa na trekta, pembe hubadilishwa kwa kufupisha au kurefusha kiungo cha juu, au kwa kuhamisha matundu kwenye miguu ya magurudumu. Nyasi nzito na ndefu zinataka pembe kali ili zirushwe juu na ziachane. Nyasi fupi, au zile zilizokaribia kukauka, zinataka pembe ndogo. Mwendo nao ufuate hali ya nyasi: mzunguko kamili wa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, yaani 540 kwa dakika, unafaa mpito wa kwanza, baadaye punguza mzunguko huo usiyapukutishe majani. Kilomita 6 hadi 8 kwa saa zinatosha. Dereva anayekimbia huacha mafundo, na ukitazama nyuma utayaona.

Katika kuchagua, watu huuliza kwanza bei na idadi ya rota. Mimi ningeuliza upana wa mashine ya kufyekea. Kianika kipokee mikanda mizima: ukifyeka kwa upana wa mita 1.65, kianika cha takriban mita 3.3 huchukua mikanda miwili kila kinapopita, wala hakuna nusu mkanda unaobaki chini ya tairi la trekta. Nguvu si shida, kwa kuwa trekta ya nguvu farasi 50 huendesha kianika cha rota nne bila taabu. Uzito ndio wa kuangaliwa, hasa kwenye miteremko, ambako mashine nzito iliyoinuliwa huipunguzia trekta uthabiti wa mbele. Kipenyo cha rota kina maana pia: rota ndogo nyingi hutawanya vizuri zaidi kuliko kubwa chache.

Mipito inayofuata ifanywe asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kabisa kwenye majani. Nyasi zikishakauka, jino huvunja jani likabaki shambani. Kwa Rhodes hasara hiyo huvumilika. Kwa alfalfa haivumiliki, kwani protini nyingi imo kwenye majani na majani huanguka kwa urahisi. Alfalfa isiguswe tena unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 hivi. Matete nayo tuyaache nje kabisa ya mjadala: bua lake nene halikauki kwa kutawanywa, na kazi yake ni kulishwa mabichi au kusindikwa kuwa sileji.

Je, chini ya jua la ikweta kianika kinahitajika? Kiangazi kikali nyasi nyepesi hukauka zenyewe. Lakini hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza. Wanaogopa mvua, kwa hiyo hungoja ziishe, na wakati huo Rhodes imekwisha kutoa mbegu na kugeuka bua. Nyasi changa huwa na protini inayozidi asilimia 10. Zikikomaa na kukauka zikiwa zimesimama, protini hushuka chini ya 5, na chini ya asilimia 7 hivi vijidudu vya tumbo la ng'ombe hukosa chakula, naye hupunguza kula. Kianika kinafupisha siku za kuanika, na hivyo kinakuruhusu kufyeka mwanzo wa kuchanua, katika mwanya wa siku chache zisizo na mvua. Hiyo ndiyo thamani yake halisi.

Anayenunua kilichotumika ayakague meno moja baada ya jingine, na ahakikishe kila jino lina kishikizo cha kulizuia lisidondoke likivunjika. Kipande cha chuma kilichoingia kwenye robota humezwa na ng'ombe, hutua kwenye retikulamu, mojawapo ya vyumba vya tumbo lake, na kutoka hapo kinaweza kutoboa hadi moyoni. Akague pia kifuniko cha shafti ya PTO. Kikiwa kimepasuka au hakipo, adai kibadilishwe kabla hajalipa.