Kabla ya Chupa, Pombe Ilikuwa na Msimu

Bia zenye ladha ya limau zimeingia kwenye majokofu ya baa na grosari za Msimbazi na Gerezani, Dar es Salaam, zikapangwa kando ya Safari na Kilimanjaro. Jiji hilihili lina Crafty Dee's, kiwanda kidogo cha bia, na lina wanywaji wanaopenda kukaa, kuonja, kulinganisha na kutoa maoni. Wengi wetu tunayapokea hayo kama mambo ya leo. Ukiifuata historia utaona mgeni ni yule mwingine: bia ya chupa yenye ladha moja mwaka mzima. Pombe zilizotangulia mjini hapa zilikuwa na msimu, zilikuwa na ladha nyingi, na wanywaji wake walikuwa wakali wa kuzihukumu.

Pwani ilianza na tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya shada la maua likiwa bado ndani ya karara, huning'iniza chombo na kuacha utomvu udondoke. Hatii hamira, chachu imo hewani na ndani ya chombo chenyewe. Likishuka asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, na likiachwa siku chache ni siki ya kutilia kachumbari. Kwa hiyo mnywaji hakuishia kwenye bei. Aliuliza limeshuka lini, limetoka shamba la nani, na kama limechanganywa na la jana. Aliyesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji alikuwa mtu anayejua kuonja. Richard Burton, aliyeondoka pwani hii kwenda bara mwaka 1857, aliandika habari za tembo na za pombe ya nafaka pia.

Bara kila mkoa una kalenda yake. Mtwara na Lindi husubiri mabibo yaive, kuelekea mwisho wa mwaka, ndipo wapate uraka. Kagera hukanyaga ndizi mbivu kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, ikawa lubisi. Iringa na Njombe hungoja mvua ili mianzi ichipue. Ncha za machipukizi hukatwa na ulanzi hukingwa matone kwa matone. Ule wa siku hiyo ni togwa, mtamu, na uliolala ukakolea ni mkangafu. Kiangazi kikishika, ulanzi umekwisha.

Mbege ya Wachaga inastahili kusimuliwa polepole. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Pembeni, ulezi hulowekwa mpaka uote kimea, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, halafu viwili hivyo huchanganywa. Kinachoipa mbege heshima yake ni gome la msesewe, linalotiwa kwa ajili ya uchungu. Wapishi wa bia wa Ulaya waliutafuta uchungu huohuo kwenye maua ya hopsi ili kuusawazisha utamu wa shayiri. Kilimanjaro waliupata kwenye mti wao. Mbege iliyopikwa vizuri hukupa kwanza ndizi, kisha uchachu na uzito wa ulezi, halafu uchungu mkavu unaobaki nyuma ya ulimi. Kwa maoni yangu, ni bia chache za chupa zenye safari ndefu namna hiyo katika funda moja.

Pombe hizo zilishuka mjini pamoja na watu wake. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na eneo la Waafrika lililokuja kuitwa Kariakoo, baada ya Waingereza kuweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wahamiaji kutoka bara walipanga vyumba humo, na wanawake wengine wakaanza kupika pombe. Ilikuwa mojawapo ya njia chache za mwanamke mjini kushika fedha yake mwenyewe. Kariakoo ni mtaa wa misikiti pia, na wakazi wake wengi hawakugusa kilevi. Serikali nayo ilitaka leseni, ikapanga saa za kuuza na mahali pa kuuzia. Mpishi aliyepika nyumbani bila kibali akawa mtuhumiwa. Manispaa ya Nairobi ilikwenda mbali zaidi: iliishika biashara ya pombe yenyewe kule Pumwani, kwa kufuata mfano ulioanzia Durban mwaka 1908. Baada ya uhuru Tanzania ilitunga Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na mfumo wa leseni ukaendelea.

Kilichobadilisha ulimi wa mji kuliko sheria ni kiwanda. Tanganyika Breweries ilianza mwaka 1933, na leo kiwanda cha mrithi wake, Tanzania Breweries (TBL), kipo Barabara ya Uhuru, Mchikichini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo. Laga ilikuja na ahadi ambayo mgema hakuweza kuitoa: ladha ya Januari itakuwa ya Julai, na ya Dar itakuwa ya Mwanza. Ilikuwa ahadi kubwa, na ilitekelezwa kwa kimea cha shayiri, chachu iliyochaguliwa, ubaridi na maji yaliyopimwa. Lakini kwa miaka mingi chupa hiyo ilikuwa ya Uzunguni, kwa ubaguzi na kwa bei. Ikawa alama ya kufika. Mtu aliyepata mshahara aliacha kata ya kilabuni akaagiza chupa, na pombe ya mama yake ikabaki na jina la "kienyeji" lenye dharau ndani yake.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, liliifanya serikali kuwa mwenye hisa katika kiwanda hicho. Safari Lager ilitoka mwaka 1977, muda mfupi kabla ya vita vya Kagera na miaka ya uhaba, ambapo bia ilitafutwa kama sukari na sabuni. Anayetafuta kreti hachagui ladha. Ubia na South African Breweries ulikuja mwaka 1993, Kilimanjaro ikafuata mwaka 1996, na Serengeti ikaingia kushindana. Swali la baa likawa moja: baridi au moto?

Kati ya pombe ya kienyeji na bia ya chupa ilisimama Kibuku, pombe nzito ya nafaka inayopikwa kiwandani lakini inayoendelea kuchachuka ndani ya pakiti yake. Ya leo si ya keshokutwa, na wanywaji wake huijua siku wanayoipenda. Wengi huidharau. Mimi naiona kuwa kinywaji pekee cha kiwandani kilichohifadhi tabia ya pombe hai.

Sasa ladha zinarudi, lakini nyingi zinarudi kwa mlango wa limau. Nafaka zetu zingeweza kufanya zaidi. Nile Breweries ya Uganda ilianza mwaka 2002 kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama aina ya Epuripur, ikawapa wakulima soko. Kariakoo kuna ulezi, mtama, asali, ukwaju, ubuyu, tangawizi na karafuu za Zanzibar. Mpishi mdogo wa Dar akitaka bia ya msimu hana haja ya kunakili boga na mdalasini za Marekani. Achukue kimea cha ulezi, aweke msesewe badala ya hopsi, aandike kwenye chupa mkoa na mwezi.

Na waonjaji waandike kuhusu mbege na uraka kwa makini yaleyale wanayozipa bia za kigeni, pamoja na usafi wa maji na vyombo, ambao vilabu vingine havijauzingatia. Wa ulanzi watalazimika kusafiri hadi Iringa wakati wa mvua, kwa sababu ulanzi ukifika Dar es Salaam tayari ni mkangafu.