Mlima Unaposogea: Historia ya Kupima Maporomoko ya Polepole

Oktoba 1960 ufa wenye umbo la herufi M, urefu wa kilomita 2 hivi, ulijitokeza juu ya Mlima Toc kaskazini mwa Italia. Chini yake bwawa jipya la Vajont lilikuwa likijazwa maji. Wahandisi wakaweka alama kwenye mteremko na kuzipima mara kwa mara. Waliona kwamba mlima unasogea, na kwamba mwendo huongezeka maji yanapopanda. Waliamini wangeweza kuudhibiti kwa kupandisha na kushusha kina cha bwawa. Mwanzoni mwa Oktoba 1963 alama zilikuwa zikihama karibu sentimita 20 kwa siku. Usiku wa tarehe 9, mita za ujazo zipatazo milioni 270 za mwamba zilianguka bwawani kwa mkupuo mmoja. Wimbi likaruka ukuta wa bwawa na kuufagia mji wa Longarone. Karibu watu 2,000 walikufa.

Vipimo vilikuwepo Vajont, ila vilitoka kwenye alama chache, na kila moja ilimhitaji mpimaji aione kwa darubini yake. Ukungu ukishuka, kazi inasimama.

Kikwazo hicho kiliondolewa na GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukakamilika 1995. Kipokezi kimoja huwekwa juu ya mwamba usiohama, vingine juu ya mteremko, kisha hesabu hufanywa baina yao. Mwendo wa sentimita chache, hata wa milimita, huonekana mchana na usiku, iwe mvua au jua. Lakini kila kipokezi husema habari za pale tu kilipo.

Rada ndiyo iliyoleta picha ya mteremko mzima. Setilaiti ya Ulaya, ERS-1, ilirushwa Julai 1991. Setilaiti ya aina hiyo hutuma mawimbi ardhini na kurekodi yanavyorudi; ikipita tena juu ya mahali palepale, tofauti ya mawimbi ya safari hizo mbili huonyesha ardhi iliyohama. Mwaka 1993 wanasayansi wa Ufaransa waliitumia kuchora mabadiliko ya ardhi yaliyoletwa na tetemeko la Landers, California. Mwaka 1996 mbinu hiyohiyo ilionyesha mwendo wa mteremko wa La Clapière, kwenye Alpi za Ufaransa.

Tangu 2014, setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 hutoa picha za rada bure kwa yeyote. Katika ramani zake, kila mzunguko kamili wa rangi humaanisha ardhi imesogea takriban sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia. Hata hivyo, misitu minene huvuruga mawimbi, na mwendo wa kaskazini hadi kusini hauonekani vizuri. Ndiyo maana rada na GPS hutumika pamoja.

Mfano mwingine wa kuunganisha vipimo ni Bukavu, mashariki mwa Kongo. Poromoko la Funu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1.5, na juu yake wanaishi makumi ya maelfu ya watu. Watafiti wa Kongo na Ubelgiji waliunganisha vipimo vya rada na picha zilizopigwa kutoka ndegeni tangu 1947. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kwamba mwendo umeongezeka pale ambapo nyumba zimesongamana. Mshukiwa mkuu ni maji: mabomba yanayovuja, na mvua inayoelekezwa na barabara na mapaa hadi kwenye udongo uliokwisha kulegea.

Bei ya picha za rada, basi, si kisingizio tena. Takwimu zikiishia kwenye majarida ya wanasayansi, tutakuwa tumerudia kosa la Vajont la kupima mwendo bila kuwahamisha watu wa Longarone. Mamlaka za miji ya milimani zinajua la kufanya: zizibe mabomba, zichimbe mifereji, na ziache kugawa viwanja juu ya ardhi inayohama.