Mtambo wa Gramafoni ya Ufunguo na Mafundi Wake

Leo hatutataja wafalme wala vita kubwa, ila kwa kupita tu. Tutaeleza habari za kitu kilichokaa ndani ya sanduku la gramafoni, chini ya sahani inayozunguka. Watu wengi walifaidi kazi yake miaka mingi, wala hawakukiona hata siku moja. Kitu hicho ni mtambo.

Baadhi yenu mmeiona gramafoni ya zamani kwa mzee fulani, imewekwa juu ya kabati kama pambo. Ubavuni ina mkono wa chuma. Ukizungusha mkono ule unatia ufunguo, kama mtu anavyotia ufunguo saa. Ndipo sahani huzunguka, sindano hushushwa juu ya santuri, na mwimbaji aliyekwisha kufa zamani huanza kuimba. Haitaki umeme wala betri. Kwa sababu hiyo gramafoni ilifika visiwani na vijijini, mahali ambapo waya wa umeme haukufika.

Neno letu la kwanza leo ni KAMANI. Kamani ni utepe mrefu wa chuma cha pua, mwembamba, uliokunjwa mzunguko juu ya mzunguko kama mkeka uliosokotwa. Ya gramafoni huwa na urefu wa mita kadhaa, nayo hukaa ndani ya kopo la chuma. Unapotia ufunguo unaikaza. Ukiiacha, inataka kukunjuka, na katika kukunjuka kwake inasukuma magurudumu ya meno, na magurudumu yanazungusha sahani. Hiyo ndiyo nguvu yote. Hakuna nyingine.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1877, huko New Jersey katika nchi ya Marekani, Bwana Thomas Edison alitengeneza fonografu ya kwanza. Sauti iliandikwa juu ya karatasi ya bati iliyofungwa juu ya silinda, na mtu aliigeuza silinda kwa mkono. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Bwana Emile Berliner, mzaliwa wa Hanover katika Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya gramafoni yake. Yeye aliacha silinda akatumia sahani bapa, na hizo ndizo mama wa santuri tunazozijua. Lakini gramafoni yake nayo iligeuzwa kwa mkono. Huko Ujerumani ilianza kuuzwa kama kichezeo cha watoto, na kampuni iliyoiuza, Kämmer & Reinhardt, ilikuwa kampuni ya kutengeneza watoto wa bandia.

Kwa nini ilibaki kichezeo? Sikilizeni jambo hili vizuri, maana somo lote limesimama juu yake. Santuri ikizunguka upesi, sauti hupanda ikawa nyembamba. Ikizunguka polepole, sauti hushuka ikawa nzito. Na mkono wa mtu hauwezi kwenda sawasawa. Unachoka, unaharakisha, unasahau. Basi mwimbaji akawa mara mtoto, mara mzee, katika wimbo mmoja.

Edison alijaribu njia ya umeme. Fonografu yake ya mwaka 1888 ilizungushwa na mota ya umeme. Lakini wakati ule nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na betri zilikuwa vyombo vizito vyenye maji makali. Mtu wa kawaida hakuweza kuweka kitu kama hicho sebuleni.

Aliyeifungua njia alikuwa fundi. Jina lake Eldridge Johnson, naye alikuwa na karakana ndogo katika mji wa Camden, New Jersey. Alipokuwa kijana, mkuu wa shule yake alimwambia kuwa akili yake ni nzito mno kwa chuo kikuu, afadhali ajifunze kazi ya mikono. Akajifunza. Gramafoni ya Berliner ya kugeuza kwa mkono ililetwa katika karakana yake, akaambiwa aitafutie mtambo. Baadaye Johnson alisimulia kwamba chombo kile kililia kama kasuku mwenye elimu kidogo, aliyeshikwa na maumivu ya koo na mafua, lakini kilimvutia asiweze kukiacha. Mwaka 1896 karakana yake ilianza kumtengenezea Berliner mitambo ya kamani. Mwaka huo huo Edison naye alianza kuuza fonografu za kamani. Vitabu vingi vinamsifu Edison kwa kurasa nyingi na kumpa Johnson mistari mitatu. Mimi naona hesabu hiyo si ya haki.

Labda utauliza: kamani ilikuwa katika saa tangu zamani, basi kulikuwa na ugumu gani kuiweka katika gramafoni? Ugumu ni huu. Kamani iliyojaa inasukuma kwa nguvu nyingi, na kamani inayokaribia kwisha inasukuma kwa unyonge. Ukiiachia hivi hivi, wimbo utaanza mbio na kumalizika kwa kutambaa. Nguvu ilikuwapo. Kazi ilikuwa kuitoa kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hata mwisho.

Dawa yake ni neno letu la pili, GAVANA. Mafundi wa injini wanalijua. Bwana James Watt alitumia gavana katika injini zake za mvuke tangu mwaka 1788. Ni jina lile lile walilopewa watawala wa makoloni, na kazi yenyewe inafanana, maana ni kumzuia mwenye nguvu asikimbie. Gavana ya gramafoni ni mhimili mwembamba unaozunguka kwa kasi kubwa kuliko sahani. Juu yake pana vipande vidogo vya risasi au shaba, kwa kawaida vitatu, vilivyoshikwa na vibamba vyembamba vya chuma. Mtoto akizungusha teo lenye jiwe, kadiri anavyozidisha mwendo ndivyo jiwe linavyovuta kwenda nje. Vipande vile hufanya vivyo hivyo. Vikienda nje vinavuta kisahani kidogo, na kisahani kinagusa kipande cha ngozi au sufi iliyoshindiliwa. Hapo kinasuguana na mwendo unapungua. Ukipungua, vipande vinarudi ndani na ngozi inaachwa. Mambo haya hutokea muda wote santuri inapolia, wala huyasikii. Yaani sehemu ya nguvu uliyoitia kwa mkono wako huliwa na ngozi ile makusudi, ili inayobaki iwe sawa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Kampuni ya Gramophone ilianzishwa London mwaka 1898. Mwaka 1901 Johnson alianzisha kampuni yake ya Victor huko Camden, na alipouza hisa zake, miaka ya 1920 ikielekea kwisha, yule kijana wa akili nzito alikuwa tajiri mkubwa. Mwaka 1914 ilitoka gramafoni ya kubebwa mkononi iliyoitwa Decca, na askari wa Uingereza waliichukua mpaka katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo ilizaa pia jambo la ajabu kidogo. Masonara wa mfalme wa Uingereza, Garrard, walianzisha mwaka 1915 kiwanda cha vyombo vya kupimia masafa ya mizinga. Vita ilipokwisha, kiwanda kilikuwa na mafundi hodari wasio na kazi, wakageukia mitambo ya kamani ya gramafoni.

Na huku kwetu? Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri pamoja na wenzake mpaka Bombay, akaimba mbele ya mashine za kunasa sauti kwa santuri zenye alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri hizo zilirudi pwani zikalia migahawani na majumbani. Mwaka 1931 kampuni ya alama hiyo ilitoa gramafoni ya sanduku iliyoitwa namba 102, iliyotengenezwa hata miaka ya 1950, nayo ni miongoni mwa zinazopatikana mpaka leo. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika maisha yake. Lakini kitabu hakiimbi. Sauti yake imebaki katika santuri, na santuri husema kweli pale tu mtambo ukienda sawa. Santuri iliyonaswa kwa mizunguko 78 kwa dakika, ikichezwa kwa 70, wimbo wa dakika 3 utachukua dakika 3 na sekunde 20, na sauti ya mwimbaji itashuka karibu toni nzima. Utadhani unamsikia Siti, kumbe unasikia mtu mwingine.

Ndiyo maana nataka tuseme habari za kutengeneza. Kwanza hatari. Kamani ndani ya kopo lake, hata ikiwa haina ufunguo, bado imebanwa. Ikiruka nje inaweza kukata vidole au kudhuru macho. Fundi huacha mtambo uzunguke mpaka usimame wenyewe kabla ya kushika bisibisi. Kisha huvaa glavu nene na kulinda macho, hutia kopo ndani ya gunia zito, na kuitoa kamani kwa kuanzia katikati, mzunguko mmoja mmoja, bila haraka. Asiyepata kufundishwa asijaribu.

Ugonjwa unaoonekana zaidi ni wa grisi. Mizunguko ya kamani lazima iteleze, mmoja juu ya mwingine. Grisi iliyokaa miaka 60 au 80 imekuwa kama gundi. Mizunguko inashikana, kisha inaachiana ghafula, na kutoka ndani ya sanduku unasikia kishindo, du! Wimbo nao unaruka. Wengine humimina mafuta mepesi kwa tundu la kopo. Kishindo hupungua kwa siku chache, kisha mafuta huchuruzika, na uchafu wa ndani unabaki pale pale. Kazi ya kweli ni kuitoa kamani, kuiosha kwa mafuta ya taa mahali pasipo moto, kuikausha, na kuipaka grisi mpya iliyochanganywa na unga mweusi wa grafiti, ule ule ulio katika kalamu ya risasi. Wafanyao kazi hii kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi inavyochafua. Hata kucha hazisafiki kwa wiki nzima.

Kamani ikikatika, tazama imekatika wapi. Mara nyingi hukatika mwishoni, penye tundu linaloshikwa na kulabu. Hapo fundi hutia moto ncha ile tu mpaka iwe nyekundu, huiacha ipoe polepole ili chuma kilainike, kisha hutoboa tundu jipya. Kamani hupungua urefu kidogo, nayo huendelea na kazi. Akitia moto sehemu kubwa, ameiua, maana chuma kilicholainika hakirudi kusukuma. Ikikatika katikati, haina budi kununuliwa mpya, na bado wapo wanaozitengeneza. Iwe na upana na unene ule ule. Wako wanaopenda kuweka iliyo nene zaidi wakidhani nguvu ni neema, na baada ya muda meno ya magurudumu hulika.

Gavana inataka mkono mwepesi. Kibamba kimoja kikipata ufa, au parafujo moja ikilegea, vipande haviendi nje sawasawa, na sauti inayumba kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Vibamba hubadilishwa vyote pamoja, viwe na unene mmoja. Ile ngozi ikikauka hupiga mayowe. Tone moja la mafuta hutosha.

Ugonjwa usio na dawa nzuri ni wa madini. Miaka ya 1920 na 1930 baadhi ya sehemu zilimwagwa kwa zinki isiyo safi. Zinki hiyo huvimba na kupasuka yenyewe baada ya miaka, hata kama gramafoni haikuguswa. Fundi hawezi kuirudisha. Hutafuta sehemu nyingine au huichonga upya kwa shaba.

Wengine, wakishindwa, hung'oa mtambo wote na kutia mota ya umeme. Sanduku linabaki zuri, muziki unalia, na mwenye nyumba anafurahi. Mimi sikubali. Ukiutupa mtambo umetupa kazi ya Johnson na wenzake, na umebaki na kabati.

Mtambo ukisharudishwa, upimwe. Chukueni kipande cha karatasi nyeupe, mkiweke chini ya ukingo wa santuri kitokeze kidogo. Tieni ufunguo, shusheni sindano mpya, maana sindano nayo huvuta sahani, na kupima bila sindano ni kujidanganya. Mmoja ashike saa yenye mshale wa sekunde, mwingine ahesabu kila karatasi inapopita mbele yake. Kwa dakika moja mpate 78. Pimeni mwanzo wa santuri, mpime tena karibu na mwisho, wakati kamani imechoka. Mkipata 78 mwanzoni na 74 mwishoni, msiguse kidole cha mwendo. Rudini kwenye kamani na grisi yake.